Saa 34 wodini bila kulala: ni mafunzo ya daktari mpya, uhaba wa watu, au mazoea tu?

#1 Baba Neema

Wakuu, salaam. Mimi si mtu wa afya. Nilifundisha hisabati sekondari kwa miaka 31 hadi nilipostaafu. Binti yangu alimaliza shahada ya udaktari na sasa ni mtarajali, yaani daktari wa mwaka wa kwanza wa mafunzo kazini, katika hospitali moja ya rufaa ambayo sitaitaja. Wiki iliyopita aliondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi ya Jumatatu, akarudi saa kumi jioni ya Jumanne. Mama yake alimwekea ugali na samaki wa nazi. Alikata tonge la kwanza, akalichovya kwenye mchuzi, kisha akasinzia mkono ukiwa umeishia katikati ya sahani na mdomo. Tonge lilianguka mezani na hakushtuka.

Kesho yake nilimuuliza kama kazi ndivyo ilivyo, akanijibu, "Baba, hayo ndiyo mafunzo." Jibu hilo halijanikaa vizuri, kwa sababu katika miaka yangu yote ya ualimu sikuwahi kumwona mwanafunzi aliyejifunza kitu akiwa anasinzia. Ninaomba wanaojua wanieleze: nani aliamua kwamba daktari wa mwaka wa kwanza akae kazini saa 34, na kwa faida ya nani? Na yule mgonjwa anayechomwa sindano katika saa ya 30, anajua kwamba anachomwa na mtu wa namna gani?

#2 Chokoza

Mwalimu, nimehakiki hesabu na kweli ni saa 34. Ila hukuonyesha njia, kwa hiyo nimekukata alama moja.

#3 KanulaYaNjano

Shikamoo mzee. Nilimaliza utarajali miaka mitatu iliyopita, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona.

Mwaka ule mmoja unagawanywa katika vipindi vya magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi. Katika kila kipindi mtarajali ndiye miguu ya wodi. Yeye ndiye anayetoa damu, anayepeleka sampuli maabara, anayefuatilia majibu, anayekimbilia benki ya damu, anayeandika faili la anayeingia na la anayetoka, na anayewaeleza ndugu kwa nini dawa fulani wakanunue nje. Mabingwa hufanya uamuzi asubuhi, na mtarajali hubaki na uamuzi huo mchana kutwa na usiku kucha.

Kuhusu saa ya 30, nitatoa mfano mmoja tu wa wodi ya watoto. Saa tisa usiku analetwa mtoto wa miezi saba aliyeharisha siku tatu, macho yamezama na utosi umebonyea. Unatafuta mshipa mgongoni mwa mkono wa kushoto, haupo. Unahamia wa kulia, haupo. Mguuni unauona kama uzi wa buluu, unachoma, linarudi tone moja la damu na mshipa unapasuka. Mama mtu hakutazami mikono, anakutazama usoni. Unahamia kichwani, unanyoa nywele kidogo, nesi anakumulikia kwa tochi ya simu, na safari hii inaingia. Unabandika plasta tabaka tatu, kwa sababu unajua ikichomoka saa kumi na moja atakayeitwa ni wewe tena. Hapo umeamka saa 21 zilizopita, na raundi ya asubuhi ambayo utatakiwa kusimulia historia ya kila mgonjwa bado haijaanza.

Nani aliamua? Kwa maoni yangu hakuna aliyeamua. Watu ni wachache, basi. Hata wenzetu wa Kenya waliogoma siku 100 mwaka 2024 walikuwa wanalalamikia hayo hayo.

#4 Hausi-ofisa Mkongwe

Sisi tuliitwa hausi-ofisa, na jina lenyewe lilieleza kila kitu: nyumba yako ni hospitali. Msimlaumu mtu aliye hai kwa jambo hili. Utaratibu wa daktari mwanafunzi kuishi hospitalini ulipata umbo lake katika Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, iliyofunguliwa mwaka 1889. William Osler kwa upande wa tiba na William Halsted kwa upande wa upasuaji walitaka vijana wao wakae humo humo, na ndipo Wamarekani walipoanza kuwaita "wakaazi".

Ninautetea utaratibu huo kwa sababu moja. Ugonjwa hausomwi kwa vipande. Ukimpokea mgonjwa wa malaria kali saa mbili usiku, ukamwona anavyoweweseka saa sita, ukamwona sukari inavyoshuka saa nane na anavyofumbua macho saa mbili asubuhi, hutausahau ugonjwa ule maisha yako yote. Anayekuja kwa zamu ya muda wa saa nane na kuondoka hukutana na ugonjwa katikati, kama mtu anayefika msibani wakati watu wanakunja mikeka. Isitoshe, kila mara mgonjwa anapokabidhiwa kutoka mkono hadi mkono, kuna jambo linalodondoka njiani.

#5 Chokoza

Mzee Mkongwe umeacha kutuambia kwamba huyo Halsted alikuwa mtumwa wa kokeni. Naomba unirekebishe kama nimekosea.

#6 Hausi-ofisa Mkongwe

Hujakosea. Alianza kuijaribu kama dawa ya ganzi mwaka 1884, akijichoma yeye mwenyewe na wenzake, nayo ikamkamata. Baadaye alitibiwa kwa mofini na hiyo nayo ikamkamata. Hata hivyo alikuwa mpasuaji mkubwa. Kokeni yake haibatilishi hoja yangu ya kumfuatilia mgonjwa.

#7 SistaUsiku

Inaeleza lakini kwa nini hakuwa na haja ya kulala.

Mimi ni muuguzi, mwaka wangu wa 19 huu. Ninamheshimu Mkongwe, lakini kuna jambo ambalo madaktari huwa hawalitazami ingawa liko mbele yao. Sisi wauguzi tunakabidhiana wodi mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na usiku, kitanda kwa kitanda, na daftari la ripoti linasainiwa. Mgonjwa ni yule yule, dripu ni ile ile. Kama makabidhiano yanaua, mbona sisi hatusemwi? Ukweli ni kwamba sisi tulifundishwa kukabidhi, na wao walifundishwa kutoondoka.

Na nani anayemlinda mgonjwa katika ile saa ya 30 aliyoiuliza mzazi? Mara nyingi ni nesi. Mtarajali ananiandikia dozi ya mtoto, ninaitazama, ninamrudishia faili na kumwambia kwa upole, "Daktari, hebu pima tena hiyo nukta." Hufuta, hunishukuru, na huwa hatulisemi tena. Hilo haliandikwi popote.

#8 Mwanagenzi254

Habari zenu. Kwanza marekebisho kwa KanulaYaNjano katika #3. Mgomo wa siku 100 ulikuwa ule ulioanza Desemba 2016 na kumalizika Machi 2017, na ndio uliozaa mkataba wa pamoja wa mwaka 2017. Mgomo wa 2024 ulianza katikati ya Machi na kumalizika tarehe 8 Mei, jumla ya siku 56. Pia haukuhusu saa za kazi kimsingi. Ulihusu sisi wanagenzi, maana huku ndivyo magazeti yanavyotuita, kuchelewa kupangiwa vituo na kulipwa kinyume cha mkataba. Mkataba ulisema takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, Serikali ikasema uwezo wake ni 70,000. Tulirudi kazini suala hilo likiwa halijaisha, na makubaliano ya kulipwa kulingana na mkataba yalikuja Desemba ya mwaka huo.

Kwa hiyo jibu langu kwa mzazi ni tofauti na la waliotangulia. Tazama pesa. Mwanagenzi hawezi kupata leseni kamili bila kumaliza mwaka huo, hawezi kuhama kituo apendavyo, na hawezi kumwambia mwajiri kwamba kuna kazi nyingine inayomsubiri. Mtu wa namna hiyo hulipwa kidogo na hufanyishwa kazi nyingi, awe daktari au fundi wa matofali. Ukimwita mwanafunzi siku ya mshahara na daktari siku ya zamu, umepata kibarua wa bei rahisi mwenye shahada.

#9 KanulaYaNjano

Asante kwa marekebisho, nilichanganya migomo miwili. Na kwetu Tanzania pia, mgogoro mkubwa wa madaktari wa mwaka 2012 ulianzia kwa watarajali wa Muhimbili waliokuwa wakidai posho iliyocheleweshwa, kabla haujawafikia waliowatangulia. Kuhusu pesa nipo pamoja nawe nusu. Nusu nyingine inanishinda, kwa sababu hata mabingwa wetu wanaolipwa vizuri zaidi walikuwa wanachoka vile vile.

#10 Baba Neema

Ninawashukuru. Mmenifungulia mambo, sasa niruhusuni nirudi kwenye fani yangu. Juma lina saa 168. Neema ananiambia kwamba wodini kwao wako watarajali wanne. Wakigawana juma zima sawasawa, kila mmoja anapata saa 42, ambazo ni pungufu hata ya juma la kawaida la mfanyakazi. Sasa nielezwe: saa zilizobaki zinatoka wapi? Au wale watatu wanakwepa na wangu ndiye mjinga?

#11 Chokoza

Safari hii ameonyesha njia. Alama zote.

#12 KanulaYaNjano

Hapana mzee, hawakwepi. Hesabu yako ingekuwa sawa kama wodi ingehitaji mtu mmoja tu wakati wote. Mchana wa siku za kazi wote wanne wanahitajika: mmoja yuko kliniki ya wagonjwa wa nje, mmoja yuko thieta ameshikilia vyuma, wawili wanafuata raundi. Weka saa nane kwa siku tano, kila mmoja ana 40. Zinabaki saa 128 za usiku na za mwisho wa juma. Hizo ndizo zinazogawanywa kwa wanne, na kila mmoja anapata 32. Umefika 72 kabla hujahesabu raundi za Jumamosi na faili ambazo hazikuisha. Akiugua mmoja, au akienda kwenye mazishi ya bibi yake, 128 inagawanywa kwa watatu na unavuka 82.

Na aliyekesha hapaswi kwenda nyumbani asubuhi? Anapaswa. Lakini akiondoka yeye, raundi inabaki na mtu mmoja, na huyo mmoja ni rafiki yake. Hakuna bosi anayemfungia mlango. Anabaki kwa haya.

#13 BodaWaGetini

Mimi sina shahada, ninaegesha pikipiki getini pa hospitali. Hao madaktari wadogo ndio wateja wangu wa asubuhi. Kuna mmoja nilimbeba akaniegemea mgongoni, nikadhani ni mapenzi, kumbe amelala. Tangu siku hiyo mwenye koti jeupe aliyekesha ninamwambia akae mbele ya begi langu na anishike kiunoni, akilegea mikono ninasimama.

Ninachouliza ni hiki: basi la safari ndefu linatakiwa kuwa na madereva wawili wanaopokezana, na trafiki anamkagua. Hospitali trafiki wake ni nani?

#14 Minnesota Baridi

BodaWaGetini, swali lako limenigusa kwa sababu huku niliko limejibiwa kwenye karatasi. Nilisoma udaktari nyumbani, nikafanya mitihani ya Marekani, na sasa niko mwaka wa kwanza wa ubingwa wa magonjwa ya ndani. Mwaka wetu huanza tarehe 1 Julai, na wazee wa hapa huwatania ndugu zao wasiugue mwezi huo.

Sheria ya huku inasema mwisho ni saa 80 kwa juma, lakini kwa wastani wa majuma manne, siku moja kati ya saba iwe ya mapumziko, na zamu moja isizidi saa 24 pamoja na hadi saa nne za kukabidhi wagonjwa. Kwa hiyo mzee, zile 34 za Neema zingekuwa kosa hapa. Ila sikilizeni na upande wa pili. Saa hizo tunazijaza wenyewe kwenye mfumo. Nikiandika kwamba nimefika 90, anayeulizwa ni mkuu wa programu ya mafunzo, programu ikipatikana na makosa mengi inaweza kunyang'anywa ithibati, na ikinyang'anywa shahada yangu ya ubingwa inaning'inia hewani. Mwezi wa kwanza niliandika ukweli. Niliitwa nikaulizwa kwa adabu kubwa kama nina tatizo la kupanga muda wangu. Mwezi wa pili mfumo ulinionyesha nimefanya saa 78.

Na kazi yenyewe si mishipa ya watoto. Ni kompyuta. Ninamwona mgonjwa dakika 10, ninaandika kuhusu dakika hizo kwa nusu saa. Kuna usiku nilijikuta nimekumbuka namba ya chumba na majibu ya potasiamu ya mtu ambaye sura yake siikumbuki kabisa.

#15 Pilipili Kichaa

Sheria ya saa 80 ilitungwa mwaka 2003 baada ya daktari aliyechoka kumuua msichana New York kwa sindano. Kwa hiyo uchovu ndio jibu, tufunge mjadala.

#16 Wakili Asiyelipwa

Tusifunge, kwa sababu umechanganya mambo matatu.

Msichana huyo ni Libby Zion, aliyekuwa na umri wa miaka 18 na alifariki Machi 1984. Alikuwa akitumia dawa ya sonona iitwayo fenelizini, na hospitalini akapewa pethidini. Dawa hizo mbili hazikai pamoja. Waliomhudumia usiku ule walikuwa madaktari wanaofunzwa, mmoja wao wa mwaka wa kwanza akiwa na wagonjwa wengi wengine, huku daktari mkubwa akishauri kwa simu. Baba yake, Sidney Zion, alikuwa mwandishi wa habari mwenye taaluma ya sheria, na hakunyamaza. Jimbo la New York liliweka kikomo cha saa 80 mwaka 1989. Mwaka 2003 ndipo kikomo hicho kilipoenea Marekani nzima. Baraza la wazee wa mahakama mwaka 1995 liligawa lawama nusu kwa nusu, likisema binti naye alificha kwamba alitumia kokeni, jambo ambalo familia ililipinga. Kwa hiyo hata kesi yenyewe haikusema ni uchovu peke yake. Ilikuwa pia ni kutojua, na kutosimamiwa.

Sasa nije nyumbani. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa juma, na saa za ziada zisizozidi 50 katika mzunguko wa majuma manne. Zamu ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5. Yapo maswali mawili. La kwanza, mtarajali ni mfanyakazi au ni mwanafunzi? Hapo ndipo hoja ya Mwanagenzi254 inaposimama. La pili, sheria hiyo hiyo imeacha mlango kwa kazi ya dharura isiyoweza kufanyika ndani ya saa za kawaida. Mwenye hospitali atasema kila kitu cha usiku ni dharura. Mimi ningemjibu kwamba jambo linalotokea kila usiku, na ambalo lina ratiba iliyobandikwa ukutani tangu mwanzo wa mwezi, haliwezi kuitwa dharura. Lakini sijaona aliyekwenda kulijaribu, na ninaelewa kwa nini mtarajali hatakuwa wa kwanza.

#17 Chokoza

Wakili ameandika bure. Maajabu.

#18 Mtoro wa Wodi

Nimesoma kimya tangu #1. Mimi niliacha. Nilimaliza mwaka wangu, nikapata leseni, na sasa ninafanya kazi ya takwimu katika mradi. Ninalala kwa muda wa saa nane kila usiku.

Saa hazikunifukuza. Kilichonifukuza ni usiku mmoja wa leba, wiki ya pili tu ya kipindi cha uzazi. Mama alijifungua salama kisha akaanza kutoka damu. Muuguzi aliyekuwapo alikuwa na akina mama wengine wawili wanaosukuma. Oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, ilishaingia, damu bado inakuja. Nilimpigia daktari wa juu yangu, simu ikaita mpaka ikakata. Niliingiza mkono mmoja ndani na mwingine nikauweka juu ya tumbo, nikaubana mfuko wa uzazi katikati kama nilivyosoma, nikabaki hivyo. Ukutani palikuwa na saa iliyosimama, kwa hiyo sijui ni dakika ngapi, ila jasho lilinidondokea machoni na sikuwa na mkono wa kulifutia. Mama yule alikuwa ananiuliza jina langu, nikamwambia, akaniuliza tena, nikamwambia tena. Alipona.

Asubuhi kwenye raundi, mbele ya wanafunzi na mbele ya mgonjwa mwenyewe, niliulizwa kwa nini faili halina vipimo vya presha vya kila robo saa. Nilisema mikono yangu ilikuwa miwili. Watu walicheka. Nilikuwa nimelala vizuri usiku wa kuamkia zamu ile, mzee, nataka ulijue hilo. Punguzeni saa mpaka 40 na bado mtu wa mwaka wa kwanza atakuwa peke yake na simu isiyopokelewa.

#19 SistaUsiku

Pole, mwanangu. Waliocheka sidhani kama kulikuwa na nesi kati yao.

#20 Hausi-ofisa Mkongwe

Pole sana, Mtoro. Hilo la kufokeana kwenye raundi sitalitetea, ingawa sisi tulirushiwa hata mafaili.

Nirudi kwenye saa. Vijana wengi wa hapa wanaamini sayansi imekwisha kuamua. Wamarekani walikwenda mbele zaidi mwaka 2011, wakasema wa mwaka wa kwanza asizidi saa 16 mfululizo. Mwaka 2017 wakarudi kwenye 24. Kwa nini walirudi? Kwa sehemu ni kwa sababu ya jaribio kubwa la programu 117 za upasuaji, baadhi zikiwa na zamu fupi na baadhi zikiwa na uhuru wa zamu ndefu, na vifo vya wagonjwa havikuongezeka kwa wenye zamu ndefu; jaribio la programu 63 za magonjwa ya ndani, ambalo matokeo yake yalitoka baada ya 2017, likakuta hivyo hivyo. Hoja yangu ya #4 bado inapumua.

#21 Minnesota Baridi

Inapumua kwa mashine, daktari wangu.

Majaribio hayo yalipima mgonjwa. Sawa, hakufa zaidi, kwa sababu huku juu ya daktari wa mwaka wa kwanza kuna wa mwaka wa pili, wa tatu, bingwa, mfamasia anayekagua kila dozi na kompyuta inayopiga kelele. Ondoa hao wote, kama alivyosimulia Mtoro, halafu rudia jaribio. Utafiti wa Boston uliotoka mwaka 2004 ulikuta kwamba madaktari wa mwaka wa kwanza kwenye wodi za wagonjwa mahututi walifanya makosa makubwa kwa asilimia 36 zaidi walipokuwa kwenye zamu ndefu za kizamani. Waaustralia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hutenda kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na akifika saa 24 ni kama 0.10. Na ule utafiti wa ajali za magari mwaka 2005 ulikuta kwamba uwezekano wa kugonga baada ya zamu ndefu ni zaidi ya maradufu. BodaWaGetini alilijua bila ruzuku ya utafiti.

Kuhusu kinachodondoka wakati wa kukabidhi, Sista ameshinda. Hospitali tisa zilipowafundisha madaktari kukabidhi kwa mpangilio maalumu, makosa yalipungua kwa asilimia 23. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014.

#22 Hausi-ofisa Mkongwe

Takwimu hizo ninazikubali. Lakini nieleze jambo moja: mbona ninyi wa zamu fupi mnakuja kwetu wazee kuuliza jinsi ya kushika mkasi?

#23 KanulaYaNjano

Wakuu, kuna kitu kinanitatiza na sioni aliyekigusa. Katika #3 nilisema watu ni wachache. Lakini darasani kwetu, wengi wa waliomaliza utarajali pamoja nami walikaa mtaani wakisubiri ajira, mmoja wao akiuza vifaranga. Yaani daktari mwenye leseni kamili yuko nyumbani amelala usingizi wa kutosha, na mtarajali yuko wodini anafanya kazi ya wawili. Je, huo ni uhaba wa watu? Ninaanza kuuvua ufafanuzi wangu mwenyewe na sina mwingine wa kuvaa.

#24 Mwanagenzi254

Vaa wa #8. Bado upo na ni wa saizi zote.

#25 Wakili Asiyelipwa

Si wa saizi zote. Uingereza wana pesa zaidi yetu na kanuni ya Ulaya ya saa 48 kwa juma iliwafikia kikamilifu madaktari wao wanaofunzwa mwaka 2009, na bado wamegoma mara kwa mara tangu 2023. Walifika mahali wakabadilisha hata jina mwaka 2024, wasiitwe tena madaktari "wadogo". Mtu akikwambia tatizo ni moja, mwulize mbona kwao wametatua hilo moja na bado wako barabarani.

#26 Baba Neema

Nimechelewa kurudi. Neema alikuwa nyumbani jana, nikampa simu asome uzi wote. Alicheka kwa Boda, akarudia mara mbili kusoma #18, kisha akaingia chumbani. Alipotoka amenituma nifanye marekebisho matatu. Kwanza, hakukaa wodini saa 34 bali 32, zilizobaki ni za daladala. Pili, wako watarajali watatu na si wanne, kwa sababu wa nne amehamishiwa wodi nyingine tangu mwezi uliopita. Kwa hiyo hesabu ya #12 ichukuliwe ile ya 82. Tatu, anasema hakusinzia na tonge mkononi. Mama yake na mimi tuliona kwa macho, lakini nimeandika kama alivyotaka.

Nilimuuliza kama bado anaamini ni mafunzo. Alisema kanula zake, yaani vile vijimrija vya dripu vya mshipani, sasa zinaingia mara ya kwanza, na kwamba mwezi wa kwanza zilikuwa haziingii. Sikujua nijibu nini, maana hilo nalo ni kweli.

BodaWaGetini, kesho anatoka zamu ya usiku. Unafanyia geti la upande wa barabara kuu au lile la nyuma karibu na maabara?

#27 BodaWaGetini

La nyuma, mzee. Anitafute mwenye kofia ya kijani. Saa ya kutoka umesema ni ngapi?

#28 Baba Neema

Ratiba inasema saa mbili asubuhi.

#29 SistaUsiku

Boda, wewe nenda saa sita mchana.